Beseni Jeupe la Baba Mkwe

Mguu wangu wa kushoto ulianza kuvimba mwaka niliopewa kufundisha darasa la saba, na kwa muda mrefu niliamini darasa la saba ndilo lililosababisha. Nilikuwa nasimama tangu asubuhi mpaka saa tisa mchana. Kila mwalimu wa kike niliyemfahamu alikuwa na mguu wa kulalamikia. Wangu haukulalamika, na hiyo ndiyo ilikuwa shida yake. Ulivimba polepole bila maumivu, chini ya kidole gumba, mahali ambapo miaka ya nyuma nilichomwa na mwiba nikitoka shambani. Mwiba wenyewe nilishausahau.

Naishi Nyakunguru, kwenye boma la wazazi wa mume wangu. Mume wangu ni dereva wa lori kati ya Sirari na Musoma, na huja nyumbani lori linapotaka. Kwa hiyo mguu ule niliuguza peke yangu, kwa akili zangu, na akili zangu zilinipeleka kwenye maduka ya dawa. Duka la kwanza liliniuzia mafuta ya mba. La pili likaniuzia vidonge vya kuua bakteria, vya siku saba. La tatu likanipa vidonge vya fangasi, kimoja kwa wiki, vile anavyomeza kila mwenye muwasho. Mguu uliyapokea yote hayo kwa utulivu na kuendelea na kazi yake ya kuvimba. Jirani mmoja akaniambia nimekanyaga kitu nilichotegewa. Nikamuuliza nani angehangaika kunitegea mimi, mwalimu wa hesabu. Akasema, "Hasa mwalimu wa hesabu."

Mwaka wa tatu pakatokea vitundu vitatu, vikawa vinatoa majimaji. Nikahamia kwenye raba na sketi ndefu. Shuleni walidhani nimeokoka.

Daktari wa upasuaji wa mji mmoja ambao sitautaja aliutazama mguu ule kwa dakika chache, akachukua kalamu, akachora mstari chini kidogo ya goti. "Hapa," akasema. Akanipa mwezi mmoja nijiandae. Nilirudi nyumbani na ule mstari wake. Haukufutika kwa sabuni siku tatu, nami nilikuwa nikioga naukwepa kana kwamba nikiugusa nitakuwa nimekubali.

Niliogopa. Sitaki kupamba. Niliwaza ubao, na jinsi nitakavyoandika juu yake nikiwa nimeshika gongo la kutembelea. Niliwaza kisima na mteremko wake. Niliwaza wanafunzi wangu, ambao nawapenda lakini nawajua, na jina ambalo wangenipa kabla ya wiki kuisha. Nililia jikoni nikasema ni moshi, na jiko lenyewe lilikuwa halijawashwa.

Mume wangu ndiye aliyeleta habari kwamba Mugumu kuna daktari mmoja anayeuliza maswali mengi kuliko polisi. Alimsikia kwa abiria aliyempa lifti. Sikuwa na kitu kingine cha kushika. Asubuhi ya Jumatatu nikauosha mguu kwa maji ya chumvi, nikausugua kwa sabuni na brashi laini, nikaukausha, nikapaka mafuta, nikapanda gari, nikavuka Mto Mara nikiwa nanukia vizuri.

Daktari alikuwa binti kutoka Songea, mdogo kwangu kwa miaka kumi au zaidi. "Shikamoo mwalimu," akasema, akavuta kiti, akauweka mguu wangu kwenye goti lake bila kukunja uso. Nilimpenda papo hapo. Aliuangalia sana. Akabonyeza hapa na pale.

"Umeuosha?"

"Nimeuosha vizuri sana."

"Kila ukienda hospitali unauosha hivi?"

"Sasa daktari, nikuletee mguu mchafu? Nimelelewa mimi."

Akaweka kalamu mezani. "Mwalimu," akasema, "miaka mitatu umekuwa ukiufutia mtihani majibu kabla ya kuukusanya."

Ndipo akanieleza, taratibu, kwa mara ya kwanza tangu mguu uanze. Ugonjwa huu ni wa nadra, unaitwa maisetoma, na huingia na mwiba. Lakini kuna wa aina mbili, na kwa nje zinafanana kama mapacha. Mmoja ni wa bakteria, mwingine wa fangasi. Wa bakteria hutibiwa kwa sindano na vidonge vya Septrin kwa miezi, na wengi hupona. Ule wa fangasi ukiupa Septrin ni kama kuupa pipi. Wenyewe unataka vidonge vya fangasi, ila si vile vyangu vya kimoja kwa wiki, vile haviugusi. Ipo dawa ya zamani inayoutikisa, lakini hiyo huanza na ini lako kabla ya kufika mguuni. Ipo nyingine iliyo bora, itrakonazoli, vidonge viwili asubuhi na viwili jioni, mwaka mzima au zaidi. Hiyo haiumalizi ugonjwa peke yake mara zote, ila huufunga ndani ya mfuko wake, ukawa donge moja, na donge daktari wa upasuaji anaweza kulitoa akauacha mguu.

"Na kisu cha kule chini ya goti?" nikauliza.

"Kile ni cha mwisho. Mtu haanzi na cha mwisho."

Nilimuuliza sasa wangu ni upi. Akasema hilo ndilo aliloshindwa kuniambia. Majimaji ya mguu wa namna hii hutoka na vipunje vidogo, na rangi ya punje ndiyo huanza kusema. Zikiwa nyeusi, ni fangasi. Za manjano au nyekundu huelekea bakteria. Nyeupe zinaweza kuwa chochote. Angeweza kukata kipande kidogo cha nyama akakipeleka maabara kubwa Mwanza, lakini kipande kisipobahatisha punje kingeweza kurudi na majibu matupu, na mwezi wangu ulikuwa umebaki wiki mbili. Alinipa vitambaa safi vya kufungia na kichupa chenye kifuniko. Akaniagiza nikae na mguu mchafu siku mbili, kisha nimletee punje. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniandikia uchafu kama dawa.

Nikakaa na uchafu siku mbili. Siku ya tatu nikafungua kitambaa, nikakitazama juani, nikakitazama kwa miwani ya kusomea. Niliona usaha. Nikakisuuza kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, nikayapitisha kwenye chujio la chai. Nikaona chujio. Lile chujio halikurudi jikoni, naomba ieleweke. Nikajaribu tena baada ya siku mbili nyingine, ikawa vilevile. Zikabaki siku kumi, nami nikakaa chini nikasema kwa sauti, "Basi wakate tu."

Mama mkwe wangu alikuwa mlangoni. Ni mwanamke asiyeuliza mara mbili. "Unatafuta nini humo?" Nikamwonyesha kila kitu: mguu, kitambaa, kichupa. Miaka yote mitatu ya mguu ule tuliishi boma moja na hakuwa ameuona. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mficha maradhi, kilio humfichua," akainama akautazama, akashika kichwa. Halafu akanyanyuka akasema, "Punje ndogo ndani ya maji? Hiyo si kazi yako. Hiyo ni kazi ya mzee."

Hapo sina budi kueleza habari za mzee, baba mkwe wangu. Alianza kuosha dhahabu kabla mgodi mkubwa haujaja. Mpaka leo, wanawake wanaosaga mawe kwenye karasha humletea marudio, ule mchanga ambao umeshaoshwa na kuachwa, naye huuzungusha kwenye karai mpaka auone ukweli wake. Akisema ipo, ipo. Akisema hakuna, watu wanamwaga na kwenda nyumbani bila kubisha.

Shida ni kwamba mzee na mimi hatuonani. Sisi Wakurya tuna soni, na soni kubwa ni ya mkwe. Baba hamtazami usoni mke wa mwanawe, hampi mkono, haingii chumba alichomo. Siku hizi wengi wanalegeza. Baba mkwe wangu halegezi. Akikaribia upande wangu wa boma hukohoa, ili nijifunike au nipite mlango mwingine. Miaka kumi na miwili nimekuwa mke wa mwanawe, na kikohozi chake nakijua kuliko sura yake. Sasa mama anataka usaha wa mguu wangu uende mikononi mwa mtu huyo!

"Thubutu," nikasema. "Mama, bora nikatwe."

"Atauona mguu? Hatauona. Ataona maji."

Fundi wa sheria za mila ni mama mkwe, wala si wanasheria.

Kesho yake asubuhi, mimi nikiwa ndani ya nyumba ya jikoni, mlango umeegeshwa, nikasikia kikohozi, halafu kigoda kikiburutwa. Mzee alikaa nje, amegeukia zizi la ng'ombe, hatua tatu kutoka nilipo. Mama akasimama katikati.

"Mwambie mwalimu karai langu halifai," akasema mzee. "Limegusa zebaki. Tena ni jeusi. Kitu usichokijua rangi yake kioshe kwenye cheupe."

"Mwambie baba kuna beseni langu jeupe la harusi," nikasema. "Lile la kunawisha wageni."

"Mwambie liletwe. Na maji yawe yamechemshwa na kupoa."

"Mwambie yapo."

"Mmeshasikiana," akasema mama. "Mimi niende nikakamue ng'ombe?" Lakini hakuondoka.

Nilichungulia kwenye ufa wa mlango. Naomba radhi kwa mila, nilichungulia. Nilimwona mgongo na viwiko. Alitia kitambaa kwenye maji, akakibinya taratibu, akakitoa. Kisha akaanza kulizungusha beseni, polepole, kwa mduara mmoja usiokatika, akiyaacha maji ya juu yachuruzike kidogo kidogo ukingoni. Mimi kwenye chujio langu nilikuwa na haraka. Yeye alikuwa kama mtu asiye na miadi na yeyote. Akaongeza maji. Akazungusha tena. Akaongeza tena. Nilijikuta nimeshika fremu ya mlango kwa mikono yote miwili.

Akaacha kuzungusha.

"Mwambie zipo."

"Muulize rangi," nikasema.

"Nyeusi. Kama mbegu za mchicha."

Zilikuwa kumi na moja. Alizitia kwenye kichupa moja moja kwa ncha ya unyoya wa kuku aliyokuwa ameichovya kwenye maji yaleyale. Akakifunga, akampa mama, akanawa mikono kwa sabuni mara mbili, akaenda kwa ng'ombe wake. Hakusema pole. Hakuuliza ni za nini.

Daktari wa Mugumu aliziponda mbili kwenye kioo, akazitilia dawa, akaziangalia kwa hadubini, akaniita niangalie na mimi. Niliona nyuzi zimesokotana kama katani. "Fangasi," akasema, na uso wake ulifurahi kuliko inavyoruhusiwa. Nyingine akazipeleka Mwanza, na majibu yalipokuja baadaye yalikuwa hayohayo. Siku ileile alimwandikia yule daktari wa mstari barua ya kumwomba asubiri. Halafu akaniuliza ni maabara gani ilizitoa punje safi kiasi kile. Nikamwambia ni baba mkwe. Akaandika. Sijui aliandika nini.

Nikaanza itrakonazoli. Habari za bima sitaki kuzikumbuka. Nilipimwa damu kuangalia ini, nikaambiwa nimeze vidonge na chakula, chakula cha kushiba, wala si chai na andazi. Nikafuata. Kila Jumamosi mama aliondoka na kitambaa changu na beseni langu, na kila Jumamosi nilisikia hesabu kutoka nje ya mlango. "Mwambie kumi." "Mwambie kumi na mbili." "Mwambie kumi."

Mwezi wa tatu wa dawa mzee akakataa kuondoka baada ya kuosha. "Mwambie mwalimu dawa hiyo haifanyi kazi. Mwamba ni uleule."

Niliudhika. Nilimeza vidonge vile kwa nidhamu ambayo sijawahi kuiona kwa mwanafunzi yeyote, halafu mtu asiyejua hata kusoma kibandiko cha dawa ananiambia havifanyi kazi! Nikaenda Mugumu nikiwa nimenuna, nikamweleza daktari kama kichekesho. Hakucheka.

"Unavimeza na nini?"

"Na ugali wa muhogo na mboga, kama ulivyosema."

"Na nini kingine?"

"Basi. Labda magnesiamu ya kutafuna, kwa ajili ya kiungulia. Ugali wa muhogo unanipa kiungulia."

Alifumba macho kidogo. Akaniambia kidonge hiki kinahitaji tumbo lenye asidi ili kiyeyuke, na magnesiamu inaua asidi yote. Kwa miezi mitatu nilikuwa nameza dawa na kuizuia kwa mkono uleule. Akanipiga marufuku magnesiamu, akanibadilishia ugali uwe wa mahindi, kisha akaniagiza nivishushie vidonge kwa soda nyeusi, ile ya kola, kwa sababu asidi yake inasaidia. Ndiyo dawa pekee niliyowahi kuandikiwa inayouzwa kwa kreti. Niliporudi nikamwambia mama amwambie baba kwamba alikuwa sahihi. Kutoka nje nikasikia, "Mwambie najua."

Baada ya hapo punje zikaanza kupungua. Nane. Nane tena. Tano. Kitundu kimoja kikafunga, kisha cha pili. Raba ikaanza kunipwaya. Kuna Jumamosi moja alitaja mbili, akaongeza, "Na hizo ni ndogo." Mama alicheka akasema hajawahi kumwona mzee akifurahia mavuno kupungua. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeanza kuamini, na kuamini kulinitisha kuliko ule mstari wa kalamu.

Mwaka na miezi miwili baadaye uvimbe ulikuwa umejikusanya kuwa donge la ukubwa wa karanga mbili. Daktari wa upasuaji alilitoa akaviacha vidole vyangu vyote vitano mahali vilipozaliwa. Binti wa Songea alisema niendelee na vidonge miezi mingine kadhaa, maana ugonjwa huu una tabia ya kurudi. Wiki ile ya kwanza kidonda kilikuwa bado kinatoa majimaji kidogo. Jumamosi mama akachukua kitambaa na beseni akavipeleka nje kama kawaida. Ila siku hiyo kulikuwa na msiba Kewanja, na gari la kuwachukua kina mama likapiga honi kabla mzee hajamaliza. Mama akajifunga kanga, akakimbia.

Nilibaki jikoni peke yangu, nimeunyoosha mguu juu ya kigoda, umefunguliwa upate hewa. Nilisikia maji yakizunguka. Yakanyamaza, yakazunguka tena. Alikuwa anaosha marudio, yaani maji aliyokwisha kuyaosha. Ya kwangu hakuwa amewahi kuyarudia. Akaosha mara ya pili, na ya tatu, na kimya kilichofuata kilikuwa kirefu mpaka nikaanza kusali bila kujua nasali nini.

Kule kwenye mashimo ya dhahabu nimesikia wanaume wakiambiwa maneno mawili na mzee huyu, wakakaa chini kwenye vumbi. Wengine walikuwa wameuza ng'ombe.

Mlango ukafunguliwa. Hakukohoa. Alisimama pale na beseni mikononi, mzee mfupi kuliko nilivyodhani, macho yamemjaa machozi, akalielekeza kwangu ili nione ndani. Lilikuwa jeupe lote.

"Mwanangu," akasema, "hakuna kitu."

Nilishindwa kujifunika. Nilishindwa hata kusema shikamoo. Nililia mbele yake bila moshi wa kusingizia, na yeye hakugeuza uso. Aliutazama mguu wangu, uliolala pale juu ya kigoda na mshono wake.

"Kumbe ni mdogo hivi," akasema.

Kisha akakumbuka, akakohoa.